Ufunguo wa Rubani Umegoma

Kijiwe chetu hakina makuu. Kina benchi moja, jiko moja la mkaa, birika moja la kahawa na wataalamu wanne wa mambo yote. Benchi liko barazani kwa Pindo, fundi cherehani, pale barabara inapoanza kuteremka. Mbele yake huegeshwa gari la Rubani, ambalo enzi zake lilikuwa jekundu na sasa lina rangi ya chai iliyozidi maziwa. Magurudumu yake ya mbele hukatwa yakauegemea ukingo wa barabara kama mlevi aliyepata ukuta, maana handibreki yake ni ya kuombewa dua. Jina la Rubani tulimpa kwa kejeli: anaendesha polepole hadi mbwa wakimfukuza wanachoka kumsubiri. Lakini ni yeye aliyetupeleka arusini, misibani na hospitalini, na akaturudisha wote wazima. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, huushika usukani kwa mikono miwili akautikisa kushoto na kulia, kama anayempa mkono baba mkwe. Nasi kila asubuhi tunamcheka. "Keshaamkia!" husema Pindo bila kuinua macho, na cherehani inaendelea kunguruma.

Asubuhi ninayoisimulia, Rubani hakuja kuamkia usukani. Alikuja mkewe, mbio, ndala mguu mmoja.

— Shemeji, kulikoni? akauliza Mwenyekiti. Huyu si mwenyekiti wa kitu chochote. Ni karani mstaafu, ila mbao za benchi ni zake.

— Rubani! Kifua kimembana kama mtu kamkalia. Mkono wa kushoto hausikii, na jasho linalomtoka ni la baridi. Namvalisha shati. Liwasheni gari twende hospitali!

Akanirushia ufunguo, akarudi mbio nyumbani kwao, nyuma ya baraza.

Niliudaka. Kwa asubuhi nzima hilo ndilo jambo pekee nililofanya vizuri. Nikauona umekuwa kaa la moto, nikampa Spana. Spana ni fundi baiskeli, na hajawahi kukubali kwamba duniani kuna mashine asiyoijua. Akautazama, akampa Mwenyekiti. Mwenyekiti akaupangusa kwa leso, akanirudishia mimi.

— Ng'ambo, si wewe uliyeendesha malori huko?

— Mimi nilikuwa mpishi melini.

— Juzi ulisema malori.

— Juzi nilikuwa nasimulia.

Ng'ambo ndilo jina langu la kijiweni. Nimezunguka dunia, sikatai, lakini nimeizunguka nikiwa jikoni namenya vitunguu. Bandari zote nilizoziona zina umbo la duara, kwa sababu dirisha lilikuwa la duara.

— Hebu nipeni, kuwasha tu ni kitu gani! akasema Spana.

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva kama mtu anayekaa juu ya mayai. Ufunguo ukaingia vizuri. Akaugeuza. Haukugeuka. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Haukugeuka hata chembe.

— Umegoma, akasema.

Nitasema ukweli: nilisikia hofu mbili kwa pamoja. Moja ya kwamba gari haliwaki na Rubani anakufa. Ya pili sikuitazama usoni.

— Piga simu! nikamwambia Pindo.

— Unadhani nimeshika mkasi sikioni? Napiga! Ya gari la wagonjwa inaita tu haipokelewi. Yule wa teksi kapokea, kasema "nakuja, niko njiani."

— Basi!

— Basi nini? Nimesikia maji yakimwagika kwenye ndoo. Yuko bafuni huyo.

Tukatazama juu na chini ya barabara. Kila mwenye gari mtaani alikuwa ameshakwenda nalo kazini. Kutoka nyumba ya nyuma tukasikia sauti ya Rubani, si neno, mguno tu, kama wa mtu anayebeba kabati peke yake.

— Ni vumbi, Spana akasema upesi. Vumbi limeingia kwenye tundu la ufunguo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pindo, lete mafuta ya cherehani!

Pindo akaleta. Spana akatia tone, akatia la pili, akamimina. Mafuta yakamtiririkia gotini. Ufunguo haukugeuka.

— Nilijua, Mwenyekiti akasema. Hilo ni betri. Betri ikifa gari linakufa ganzi, viungo vyote vinakaza. Mwili wa mtu na wa gari ni kitu kimoja.

— Betri inahusianaje na ufunguo kugeuka?

— Haba na haba hujaza kibaba, Spana.

— Hiyo inaingia wapi hapo?

— Itaingia. Subiri.

— Taa hizi zinawaka! akasema Pindo, ameingiza mkono dirishani akabonyeza kitu. Betri nzima. Tafuteni jingine.

Tukatafuta jingine. Jamani, msituhukumu vibaya. Mtu akiogopa, wengine hulia, wengine hukimbia chooni. Watu wa kijiweni hutoa nadharia.

— Kule nje, nikaanza, niliona gari linalomjua mwenyewe. Linasikia joto la kiganja. Mgeni akishika, ng'o. Wanaita kinga ya wezi.

— Gari hili? Pindo akauliza. Hili ambalo mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya gunia?

— Nasema nilichokiona.

— Ulikiona kupitia dirisha la duara.

Mwenyekiti alikuwa amenyamaza tangu betri imshinde, na Mwenyekiti akinyamaza ujue kuna kitu kinachemka. Akaweka mkono juu ya boneti kama anayempima mtoto homa.

— Ng'ambo hajakosea sana, akasema. Nilikuwa na shangazi, alikuwa na paka. Siku shangazi anakata roho, paka aliacha kula toka alfajiri. Alikuwa keshajua. Vitu vinajua, ndugu zangu. Hili gari halijakataa kwa sababu ya vumbi. Limekataa kwa sababu linajua kwamba Rubani...

— Malizia hilo neno, Pindo akasema, nikushone mdomo. Uzi mweusi ninao.

Hakulimalizia. Lakini lilikuwa limeshatoka, likakaa nasi pale barazani. Birika likachemka, kahawa ikafurika, ikazima mkaa kwa mlio mrefu, na hakuna aliyeinama kuliondoa. Upepo wenyewe ulikuwa umesimama.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, Spana akasema, na safari hii akatoa koleo mfukoni. Tumeubembeleza mno. Naugeuza kwa nguvu.

Akaubana ufunguo kwa koleo. Akakaza. Tukasikia kitu kikilia, *kri*, kidogo sana. Ufunguo ukapinda.

— Acha! Pindo akapiga ukelele. Ukikatikia humo ndani je?

— Hautakatika.

— Una mwingine? Una akiba? Ni huo huo mmoja, Spana! Ukikatika humo ndiyo basi, tumemzika wenyewe kwa mikono yetu!

Spana akaachia koleo, likadondoka chini ya kiti. Tukaukodolea macho ule ufunguo, umeinama kidogo kama mzee aliyetukanwa na mjukuu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Nikajishikiza kwa kitu cha kwanza nilichokipata nisianguke, na kitu hicho kilikuwa usukani. Niliushika kwa mikono miwili. Nilikuwa natetemeka mwili mzima, na kwa kuwa nilikuwa natetemeka, nao ukatetemeka, kushoto, kulia, kushoto.

Spana, ambaye vidole vyake vilikuwa vimerudi kwenye ufunguo, akasema:

— Eh!

Ufunguo ukageuka. Laini, kama kisu kwenye siagi. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikaitika.

Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tunatazama usukani.

— Keshaamkia, Pindo akasema polepole.

Miaka yote ile tulikuwa tunamcheka. Magurudumu yamebanwa na ukingo, usukani umejifunga kwa nguvu na kuubana ufunguo. Ukiutikisa unalegea, ufunguo unageuka. Alikuwa anatufundisha kila asubuhi, bure, mbele ya macho yetu, nasi tukidhani ni kichaa kidogo cha uzeeni.

Ndipo Shemeji akatokea na Rubani begani. Alikuwa amevaa shati vifungo vimekwenda kombo, uso umekuwa wa rangi ya majivu ya jiko. Alipolisikia gari linanguruma akajaribu kutabasamu. Kisha akatutazama, mmoja mmoja. Spana ambaye alikuwa ameshatoka kwenye kiti kama kimemwunguza. Mwenyekiti. Mimi.

— Haya, akasema, pumzi ikikatikakatika. Nani... anaendesha?

Na hiyo, wasomaji wangu, ndiyo ile hofu ya pili.

Spana akatafuta koleo lake. Mwenyekiti akalikumbuka birika. Mimi niligundua kwamba kiatu changu cha kushoto kamba imelegea, na kiatu hicho hakina kamba. Hakuna aliyejua kuendesha. Hata mmoja. Ya nini kujifunza? Dereva tulikuwa naye! Tulikuwa tunajua mafuta yanapanda vipi bei, gari gani linakula sana, nani kagonga nani na kosa la nani. Tumeendesha magari ya dunia nzima tukiwa tumekaa kwenye benchi. Nadharia zote zile za vumbi na paka wa shangazi, sasa naona, zilikuwa za kuomba ufunguo usigeuke haraka.

— Mwenyekiti? Shemeji akauliza.

— Shemeji, macho yangu...

— Spana?

— Mimi ni wa magurudumu mawili, shemeji.

Hakuniuliza mimi. Heshima ya namna hiyo inauma kuliko tusi.

Rubani akaegemea gari, mkono wa kulia umeshika kifua. Hakushangaa. Nadhani alijua siku zote.

Tukasikia kiti kikiburuzwa barazani. Pindo, aliyekuwa amerudi kukaa kwenye cherehani yake, alikuwa ameinuka. Akavua viatu, akaviacha vimekaa sawasawa, kama anavyofanya kila akianza kushona, akaja peku akaingia kwenye kiti cha dereva.

— Pindo, unajua kuendesha? nikauliza.

— Sijui. Mweke Rubani hapa pembeni yangu. Rubani, kaka yangu, pedali ni ngapi?

— Mbili.

— Mimi nimezoea moja.

— Ya kulia inakwenda. Ya kushoto inasimama. Mguu... mguu mmoja tu. Usizikanyage pamoja.

— Na hicho cha katikati?

— Giya niachie mimi. Mkono wa kulia bado ni wangu.

Tukamweka. Shemeji akakaa nyuma yake, akampitishia mikono juu ya kiti akamshika mabega, mimi nikakaa upande wa pili na ile kamba ya gunia mkononi. Spana akatwaa baiskeli ya mteja, Mwenyekiti akapanda kwenye keria, wakatangulia mbele kusafisha njia, mmoja akipiga kengele na mwingine akipunga leso.

— Kanyaga ya kushoto, Rubani akasema. Akasogeza giya. Akaachia handibreki. Sasa kata usukani kulia, utoke kwenye ukingo. Legeza mguu. Polepole. Kama unashona... hariri.

Gari likatoka. Nimepita kwenye mawimbi marefu kuliko nyumba za ghorofa, usiku sufuria zikiruka jikoni kama panzi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye mteremko ule tukienda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Pindo alikuwa ameng'ata midomo kama anashikilia pini. Kila akigusa breki, paji la uso wangu lilikwenda kusalimia kiti cha mbele.

— Nyoosha, Rubani alikuwa akisema. Nyoosha. Tazama mbali, usitazame boneti. Vizuri. Nyoosha.

Mbele kengele: kring, kring. Na Mwenyekiti: "Pisheni! Mgonjwa! Haraka haraka haina baraka, pisheni haraka!"

Tulipofika chini, kwenye njia panda, baiskeli ilikuwa imeshapotelea kati ya magari, na Rubani alikuwa amenyamaza.

— Sasa wapi? Pindo akauliza.

Kimya.

— Rubani, kushoto au kulia?

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo. Macho yamefumba. Mkono wa kulia bado uko juu ya giya, lakini ulikuwa umekaa tu, kama glavu iliyosahaulika. Nyuma yetu lori likapiga honi. Njia ya hospitali naijua. Sote tunaijua, ametupeleka mara ngapi? Nikafungua mdomo niseme, sauti ikakataa kugeuka, kama ule ufunguo.

— Rubani! Pindo akaita.

Shemeji akainama, akamwita sikioni kwa jina lake, jina ambalo sisi wa kijiweni hatukuwahi kulisikia. Akaliita kwa upole, kama wanapokuwa wawili. Akaliita tena.

Kidole kimoja kikainuka juu ya giya. Kikaelekea kulia.

Pindo akatoa mkono mzima dirishani kuwaonyesha watu wa nyuma anakokwenda, akakata kona kwa upana wa meli ya mizigo, na tukafika. Akasimama mlangoni kabisa pa wagonjwa wa dharura, si kwa ustadi, bali kwa sababu hapo ndipo mguu wake ulipopata breki. Watu wa machela wakatoka. Rubani akachukuliwa, Shemeji akiwa ameshika ncha ya shati lake. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Tukabaki. Pindo hakuteremka.

— Shuka basi, Spana akasema, ameegemea baiskeli, anahema.

— Nikiinua mguu, linakwenda.

— Vuta handibreki.

— Handibreki hii? Unaijua kuliko mimi.

— Basi zima.

— Mimi ufunguo huu siugusi. Umegeuka mara moja kwa kudra. Ukikatika?

Basi akakaa, mguu umekanyaga, mikono imeushika usukani, anautazama ule mlango. Nasi tukasimama kandokando ya gari kama waliokuja kulitolea pole. Hakuna aliyetoa nadharia. Injini ilikuwa inanguruma, na niliona ajabu: nilikuwa namwomba Mungu isizimike, kana kwamba kilichokuwa kinapiga mle ndani ya boneti kilikuwa kitu kingine.

Mlango ukafunguka. Akatoka muuguzi, glavu mikononi, uso wake hausemi kitu. Nimewahi kuziona nyuso za namna hiyo. Mwenyekiti akavua kofia.

— Pindo ni nani hapa?

— Mimi, Pindo akasema, na hakuinua mguu.

— Mgonjwa wenu tumemkataza kusema, lakini hanyamazi. Anasema nyoosha kwanza magurudumu, usukani usije ukajifunga. Halafu giya uisukume mbele mpaka mwisho, uvute handibreki, ndipo ugeuze ufunguo. Kwa vidole. Si kwa koleo.

Spana akatazama chini.

— Anaendeleaje? nikauliza.

— Bado tunahangaika naye, akasema muuguzi, akarudi ndani haraka kuliko alivyotoka.

Pindo akanyoosha magurudumu. Akasukuma giya. Akavuta handibreki kwa mikono miwili. Akashika ufunguo uliopinda kwa vidole viwili, kama anayeshika uzi, akageuza. Injini ikanyamaza. Akauinua mguu kidogo kidogo. Gari halikwenda popote.

Ndipo akaja mlinzi wa geti na rungu lake kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake.

— Jamani, mmeziba mlango. Dereva wa gari hili ni nani, aliondoe?

Mwenyekiti alikuwa na methali. Niliiona ikimpanda kooni. Akaimeza. Spana akaigusa kengele ya baiskeli bila kuipiga. Mimi niliyeendesha malori ng'ambo sikuwa na hata hadithi moja.

Mlinzi akauliza mara ya pili, na sote wanne, hata Pindo aliyekuwa amekaa nyuma ya usukani, tukageuka tukautazama mlango uliofungwa.